Shangazi, niliacha nafaka zote kilo zikashuka, halafu zikarudi ndani ya siku tatu

Shangazi shikamoo,

Naandika hii saa sita na nusu usiku, makombo ya mkate bado yako kwenye gauni langu la kulalia, ndo ujue hali ilivyo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nna miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima napokea simu za wateja. Miaka minne iliyopita nilikuwa na kilo 71, leo nna 82, na sijui zimeingilia mlango gani maana kwa kweli mimi sio mlaji.

Mwezi uliopita rafiki yangu wa jimu (yeye anaenda kila siku, mimi nikijitahidi sana mara mbili kwa wiki) akaniambia adui yangu ni nafaka. Mkate, wali, mahindi, ngano, uji, vyote hivyo akasema vinapandisha insulini, ile homoni ya sukari, na insulini ikipanda inafungia mafuta mwilini kama mtu aliyefunga kufuli akameza ufunguo, na ukila nafaka miaka mingi metaboli yako, yaani ule uchomaji wa chakula mwilini, inalala, haiamki tena. Akanionyesha picha zake za kabla na baada. Nikaona isiwe tabu, nikaacha vyote siku moja, hata uji wa mtoto nikawa naupika bila kuonja.

Mwanzoni ilikuwa raha asikwambie mtu. Asubuhi kahawa tupu, mchana nyama na kachumbari, jioni mayai na mboga za majani, nikisikia njaa natafuna korosho. Siku ya tisa napanda mizani nakuta 78.8! Nikampigia rafiki yangu nikamwambia we ni malaika. Ila sasa choo kikawa kigumu, nikawa naenda kwa siku tatu mara moja na kwa mateso, kichwa kinauma, watoto wakidondosha kijiko nafoka. Na mizani ikagoma hapohapo, wiki nzima haitikisiki.

Siku ya 18 nikaamka usiku kunywa maji. Juu ya friji kuna mkate wa watoto. Nikasema kipande kimoja tu. Shangazi nilikula nimesimama, taa imezimwa, siagi nachota kwa kidole, nakuja kushtuka nusu mkate umeisha, na asubuhi mtoto anauliza mama mkate uko wapi nikamwambia uliota ukungu. Baada ya hapo nikasema basi liwalo na liwe, siku tatu nikala kama zamani, napanda mizani ni 81.9. Kilo tatu kwa siku tatu! Nililia.

Kama zamani ndo hivi: asubuhi chai vikombe viwili na mkate mweupe slaisi nne na siagi, mchana wali na mboga yoyote, jioni wali tena au mkate na mchuzi, matunda nikikumbuka. Biskuti za kazini sihesabu kwa sababu zile ni za kusindikizia chai tu, tunagawana pakiti na mwenzangu wa meza ya jirani ila yeye huwa anachukua mbili tatu.

Nnachotaka kujua, ni kweli nafaka zimeua metaboli yangu? Au ni umri, maana kila mtu ananiambia ukishavuka 35 mwili hauchomi tena? Niache nafaka moja kwa moja maisha yangu yote? Na huyu rafiki sasa ananiambia ngano ina gluteni ndo inanivimbisha tumbo. Nimechoka, nywele zinakatika, wenzangu ofisini wanafungua madirisha mimi nimejifunika sweta. Nisaidie.

Wako, Mla Mkate Gizani

---

Marahaba mwanangu. Kung'uta hayo makombo kwanza, na mtoto mwambie ukweli kuhusu huo mkate, hakuna ukungu unaokula nusu mkate usiku mmoja.

Nianze na hizo kilo tatu kwa sababu ndizo zilizokuliza, na ndizo zilizokufanya uamini kila ulichoambiwa. Mwilini mwako kuna akiba ya wanga inaitwa glikojeni, ini linabeba kama gramu 100 na misuli kama gramu 400, inatofautiana kwa mtu na mtu. Hii akiba haikai kavu, kila gramu moja inashika maji kama gramu tatu. Sasa ukikata wanga ghafla mwili unaichota hiyo akiba, maji yake yanaachiwa unayatoa kwa mkojo, halafu insulini ikiwa chini figo nazo zinaachia chumvi na maji zaidi, juu ya hapo chakula kinachokuwa kimekaa tumboni kimepungua. Jumlisha mwenyewe, kilo mbili tatu zimeondoka ndani ya wiki na mafuta yaliyotoka humo ni kidogo mno. Ndo maana mizani ikagoma, maji yalikuwa yameisha, na kile kichwa kilichokuwa kinauma nadhani ni hayohayo maji na chumvi.

Na ulipokula mkate yakarudi. Tufanye hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ili uongeze kilo tatu za mafuta kweli ndani ya siku tatu ungetakiwa kula kalori zaidi ya 23,000 juu ya zile unazotumia, na mkate mkubwa wa gramu 800 una kalori kama 2,000. Hiyo ni zaidi ya mikate kumi na moja juu ya chakula chako cha kawaida. Wewe ulikula nusu. Kwa hiyo ulikuwa unalilia maji mwanangu.

Hapa ndipo watu wengi wanapotekwa. Wiki ya kwanza mizani inacheza, mtu anasema nimepata dawa, akigusa wali kidogo mizani inapanda anasema umeona, wali ndo sumu! Na kila akirudia mzunguko huo imani inazidi kukomaa, wakati kilichokuwa kinaingia na kutoka ni ndoo ileile ya maji.

Sasa hilo kufuli la insulini. Rafiki yako hajakudanganya, ameshika nusu ya habari. Ni kweli ukila wanga sukari inapanda kwenye damu, kongosho linatoa insulini, na insulini ikiwa juu mafuta hayatoki kwenye ghala kwa wakati huo. Ila ufunguo hajaumeza mtu. Baada ya saa kadhaa insulini inashuka na mlango unafunguka, na ukiwa umelala usiku mafuta yanatoka, hata kwa mla wali. Mafuta ya mwilini yanaingia na kutoka kutwa kama abiria kwenye stendi, na kinachokunenepesha ni kama mwisho wa wiki walioingia ni wengi kuliko waliotoka. Halafu mbona hakukuambia kwamba nyama nayo inapandisha insulini? Inapandisha, tena vizuri tu, protini ina tabia hiyo, na hakuna anayesema kuku amemeza ufunguo.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakijui na mimi mwenyewe nilipokisoma mara ya kwanza nilirudia mara mbili. Wanga unaokula hautageuzwa mafuta kwa wingi kama unavyosikia, mwili wa binadamu unaweza kufanya hivyo ila kwa ulaji wa kawaida unafanya kidogo sana. Unachofanya ni kuuchoma wanga kwanza, na mafuta uliyoyala pamoja nao ndo yanapelekwa stoo. Kwa hiyo kwenye ule mkate wako wa gizani, mkate ulichomwa na siagi ya kidole ndo ikalala. Hii haimaanishi mkate ni bure, la, ukijaza wanga kupita matumizi mafuta yako hayaguswi, yanabaki palepale. Ila ujue sahani nzima inahesabiwa, sio nafaka peke yake.

Na hili limepimwa. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa mwaka mzima, nusu wakapunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, wote wakiambiwa wale vyakula halisi, mboga nyingi, waache sukari na unga mweupe. Waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, yaani tofauti isiyo na maana yoyote kitaalamu. Wakaangalia pia kama wale ambao miili yao inamwaga insulini kwa wingi watafaidika zaidi kwa kuacha wanga, hawakuona hivyo. Ila ndani ya kila kundi kulikuwa na walioshuka sana na walioongezeka kabisa, na ndo maana picha za kabla na baada za mtu mmoja, hata awe rafiki yako wa damu, hazikwambii nini kitatokea kwako. Yeye kuacha nafaka kunamfaa, njaa yake inatulia, hongera kwake. Wewe imekufikisha juu ya friji usiku.

Sasa turudi kwenye nafaka yenyewe, maana sitaki utoke hapa unasema Shangazi kasema nile mkate mweupe mpaka niote mabawa.

Punje ya ngano, mchele, mtama, ulezi, mahindi, yoyote ile, ina sehemu tatu. Nje kuna pumba, humo ndo nyuzinyuzi na madini mengi yanakaa. Pembeni kuna kiini kidogo, kina mafuta na vitamini, huyo ndo mche wa kesho. Katikati kuna wanga mtupu, ghala la chakula la huo mche. Ukikoboa unatupa vile viwili unabaki na ghala, kisha ukisaga unga laini kama poda unakuwa umeshaifanyia meno na tumbo kazi yao. Kesho jaribu hivi, chukua kipande cha mkate mweupe ukitafune bila kumeza, hesabu polepole mpaka 60. Kitaanza kuwa kitamu. Hujaweka sukari, ni mate yako yanavunja wanga kuwa sukari hapohapo mdomoni. Halafu fanya hivyohivyo na ngano nzima iliyochemshwa, utatafuna taya lichoke na punje nyingine bado ziko kama zilivyo.

Ndo maana shayiri na uji sio kitu kimoja hata kama vyote vinaitwa nafaka. Kuna kile kipimo cha kasi ya kupandisha sukari, David Jenkins na wenzake wa Toronto walikianzisha mwaka 1981, glukosi yenyewe inapewa 100 na vyakula vingine vinapangwa chini yake. Mkate mweupe uko kwenye 75 hivi. Shayiri ya kuchemsha 28 tu. Uji wa oti za kawaida 55, ila zile oti za kumwagia maji ya moto ukanywa papo hapo zinafika 79. Oti ni zilezile! Kilichobadilika ni kwamba kiwanda kimezikandamiza, kikazipika, kikazikatakata mpaka tumbo halina la kufanya.

Je hilo linagusa metaboli? Kidogo, ndiyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani walilisha watu 81 kwa wiki sita, wengine nafaka nzima wengine zilizokobolewa, chakula chote wanapewa, wakapima mpaka kinyesi. Wa nafaka nzima walichoma zaidi kidogo wakiwa wamepumzika na walipoteza kalori zaidi chooni, ukijumlisha tofauti ni kama kalori 92 kwa siku. Usicheke, 92 ni tofaa moja, sio muujiza, ila ni tofaa la kila siku bila kufunga wala kukimbia. Hivyo ukiniuliza nafaka zinaua metaboli, jibu langu ni kwamba nafaka nzima inaisukuma mbele kidogo, na iliyokobolewa haiiui, haina msaada tu.

Ila usije ukaenda kununua kila kitu cha rangi ya brauni ukadhani umemaliza. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima vyakula vinavyoshibisha, kila chakula kwa kalori sawa, mkate mweupe wakaupa 100. Uji wa oti ukapata 209. Mchele mweupe 138, mchele wa brauni 132, yaani brauni hata haukumshinda mweupe. Keki 65. Na aliyeongoza wote ni kiazi cha kuchemsha, 323, huyohuyo kiazi ambaye watu wa dayati wanamkimbia kama ana kesi. Mimi mchele wa brauni naupenda kwa nyuzinyuzi zake, ila kwa shibe ya kudumu saa mbili baada ya kula usiutegemee peke yake.

Sasa mwanangu njoo karibu tuongee kuhusu biskuti. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu linaishia hapo kwenye "sihesabu". Pakiti ya gramu 200 ina kalori zinazokaribia 1,000. Mwenzako anachukua tatu, tufanye katoa 120 au 150. Wewe unabaki na 800 na kitu, kila siku ya kazi, kwa ajili ya kusindikiza chai. Wali uliopikwa una kalori kama 130 kwa gramu 100, kwa sababu sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo zile biskuti ni sawa na gramu 600 za wali, sahani mbili zilizojaa. Ungekula sahani mbili za wali saa kumi jioni ofisini wenzako wangesimama kukuangalia. Biskuti zinapita kimyakimya kwa sababu ni kavu, ndogo, hazitafunwi, zinayeyuka kwenye chai. Kwa jina ni ngano, kwa kazi ni unga na mafuta na sukari.

Na hapa ushahidi ndo una nguvu zaidi kuliko popote. Kevin Hall na timu yake wa taasisi za afya za taifa za Marekani walitoa utafiti mwaka 2019, watu 20 wamekaa ndani wiki nne, wiki mbili wanapewa vyakula vya kiwandani vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula visivyosindikwa, menyu zote mbili zimelinganishwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na wanga, na kila mtu anaambiwa kula utakavyo. Kwenye vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku, na walikula kwa haraka zaidi. Wakaongezeka karibu kilo moja, wakabadilisha wakashuka karibu kilo moja. Wanga kwenye meza zote mbili ulikuwa umelingana. Kwa hiyo rafiki yako alipoacha nafaka aliacha pia biskuti, keki, donati, piza na kila kinachoshikana na unga, halafu sifa zote akampa mchele kuondoka.

Umri. Hapa nitakuwa mfupi maana utafiti umenifanyia kazi. Mwaka 2021 Herman Pontzer na wenzake walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wa siku nane mpaka wazee wa miaka 95. Ukiondoa tofauti za ukubwa wa mwili na misuli, metaboli imenyooka kuanzia miaka 20 hadi 60, inaanza kushuka baada ya hapo, tena polepole, asilimia 0.7 hivi kwa mwaka. Una miaka 38, bado una zaidi ya miaka ishirini mbele. Kilichobadilika ni kiti unachokaa kutwa na usingizi wa mama wa watoto wawili, na misuli inayopungua taratibu kwa kutotumika, hilo la misuli usilidharau, zile siku zako mbili za jimu nyanyua vyuma badala ya kutembea kwenye mashine huku unaangalia simu.

Gluteni nayo, ile protini ya ngano. Ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni inaharibu utumbo, uko kwa karibu mtu mmoja kati ya 100, na wapo wengine wachache ambao ngano inawasumbua kwa njia nyingine. Ukiona tumbo linajaa kila ukila ngano, kuhara, damu inapungua bila sababu, kapime, ila kapime ukiwa bado unakula ngano. Ukiacha kwanza ndo ukapime, kipimo kinaweza kusema huna wakati unao. Rafiki yako hajui hilo.

Lile la choo kigumu nadhani umeshaelewa mwenyewe, ulitoa nyuzinyuzi zote ukabaki na nyama na mayai. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023 linasema wanga utoke hasa kwenye nafaka nzima, mboga, matunda na jamii ya kunde. Ukirudi usirudi kwa kishindo lakini, ukimwaga maharage na pumba siku moja tumbo litalia kama redio mbovu, panda taratibu wiki mbili tatu na maji unywe.

Kwa hiyo wewe hasa ufanye nini. Kahawa tupu asubuhi iache, ndo iliyokupeleka kwenye friji, njaa ya asubuhi haifi inaahirishwa tu. Kula mayai mawili au mtindi au maharage, na slaisi mbili za mkate wa unga usiokobolewa badala ya nne nyeupe, siagi ipake ionekane kwa shida, sukari kwenye chai punguza kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Mchana na jioni wali kula, ila nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe protini, robo iliyobaki ndo wali, na anza kula mboga na protini umalizie na wali. Hii ya kufuatanisha ilijaribiwa kwa watu wachache wenye kisukari mwaka 2015, watu 11 tu, mlo uleule mpangilio tofauti, na sukari baada ya kula haikupanda sana kama walipoanza na wanga. Haigharimu chochote kwa hiyo mimi naifanya. Siku nyingine badala ya mchele chemsha mtama mzima au shayiri, au changanya mchele na dengu nusu kwa nusu, utaona saa kumi jioni biskuti hazikuiti kwa sauti ileile.

Korosho ni nzuri ila pima. Mkono mmoja uliojaa, gramu 30, ni kalori 160 au 170, na mtu anayetafuna akisoma meseji hakai kwenye mkono mmoja. Mafuta ya kupikia vilevile, kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, watu wanamimina kutoka kwenye chupa halafu wanagombana na mchele.

Jambo la mwisho umeliweka mwishoni kama vile halina uzito, na kwangu ndilo la kwanza. Uchovu, nywele kukatika, sweta wakati wenzako wanafungua madirisha, na kilo 11 kwa miaka minne. Inaweza kuwa ni uchovu wa kawaida na kula kidogo wiki tatu hizi, ila hizo pia ni dalili za tezi ya thairoidi kufanya kazi chini ya kiwango, na hiyo tezi ndo inayoendesha metaboli kweli, sio mkate. Nenda hospitali uombe kipimo cha thairoidi, wapime na wingi wa damu na sukari hapohapo. Wataje pia dawa zote unazotumia, kuna za sonona, za steroidi, na hata baadhi ya sindano za uzazi wa mpango zinazoongeza uzito kwa baadhi ya watu, usiache yoyote kabla hujaongea nao. Na wakikuta thairoidi iko chini usitegemee vidonge vikutoe kilo zote 11, yenyewe mara nyingi inaongeza kilo chache na nyingi ni maji na chumvi, ila nguvu ya kutoka kwenye kiti itarudi.

Mizani iweke chini ya kitanda kwa sasa. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula, na ukikaribia hedhi usiiangalie kabisa maana hapo nako ni maji. Pakiti ya biskuti ihamishie kwenye droo ya mwenzako, wewe ndo uwe unaomba mbili tatu. Majibu ya thairoidi yakitoka niandikie, na safari hii uandike mchana.